Mapacha Wangu Wamepishana Miezi Tisa

Kijiji cha Ujamaa Kwamtindili,
Handeni.

Tarehe tatu, mwezi wa pili, mwaka 1975.
(Nimeiandika kwa maneno makusudi, ili ikipita mikononi mwa karani wetu isigeuke kuwa mwezi wa tatu.)

Kwa Ndugu Katibu Kata,

YAH: KUTENGANISHWA KWA MAPACHA WANGU NA KITABU CHA KIJIJI

Shikamoo. Na kama wewe ni mdogo kwangu, basi marahaba. Sijui ulizaliwa lini, na siku hizi hata nikienda kutazama kitabuni siwezi kuamini nitakachokiona.

Mimi ni Zamda binti Sekiondo, mke wa Kibwana, mkulima, mama wa watoto wanne. Shule niliijua kwa kupita nje yake nikienda kisimani, mpaka ilipokuja elimu ya watu wazima, ndipo nikakaa chini na mimi nikashika kalamu. Sasa nipo hatua ya tatu. Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika peke yangu, bila kumwomba mtu, kwa hiyo ukikuta mahali nimefuta ujue nilikuwa nafikiri.

Sina ugomvi na serikali, Ndugu Katibu. Tulipoambiwa tuhame, tulihama. Tulipoambiwa tulime pamba ya pamoja, tulilima, na mgongo wangu ni shahidi. Ugomvi wangu ni na namba tatu za tarehe na vijiti viwili vinavyolala katikati yake. Kabla sijalalamika naomba nieleze, kwa sababu mambo haya yakielezwa haraka mtu anaonekana ana homa.

Kijiji chetu kilipokusanywa mwaka jana, watu walitoka pande mbili. Sisi wa Kwamtindili ya zamani tulikuja na kitabu chetu, alichokuwa akikiandika Mzee Mhina tangu kabla ya Uhuru: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Wenzetu wa kambi ya mkonge, walioacha kukata mkonge wakaja kulima, walikuja na chao, kilichoandikwa na Ndugu Fabiani. Mzee Mhina alianza na siku, kisha mwezi. Fabiani alianza na mwezi, kisha siku, kwa sababu mzungu aliyemfundisha ukarani kule kambini alikuwa wa namna hiyo. Hakuna aliyekosea. Kila mtu aliandika alivyofundishwa, na kila kitabu kilikaa kwenye sanduku lake kwa amani.

Akaja karani mpya, Habakuki, mtoto wa Stefania. Ni mtu mzuri, Ndugu Katibu, nisieleweke vibaya. Mwandiko wake umenyooka kama matuta ya bwana shamba, na akipita kwangu saa ya chakula hajifanyi ameshiba. Alikwenda semina ya wiki moja Korogwe, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na karatasi moja yenye amri. Imebandikwa ukutani ofisini, nimeisoma mwenyewe kwa kidole:

Hatua ya kwanza: Tazama namba ya mwanzo ya tarehe.
Hatua ya pili: Kama imezidi kumi na mbili, iache ilivyo.
Hatua ya tatu: Kama haijazidi kumi na mbili, ibadilishane nafasi na namba ya pili.
Hatua ya nne: Nenda mstari unaofuata.
Hatua ya tano: Usisimame mpaka kitabu kiishe.

Hata mimi wa hatua ya tatu nimeona kwamba karatasi hii ilitengenezwa kwa ajili ya vitabu kama cha Fabiani, vinavyotanguliza mwezi. Juu yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, pengine ndio uliosema hivyo. Lakini Habakuki aliibandika kwa uji wa muhogo, na panya wakala uji pamoja na mstari. Nilimwuliza ule mstari ulikuwa unasemaje. Akajikuna kisogo, akasema, “Nadhani ulikuwa salamu, mama.”

Basi akavinakili vitabu vyote viwili katika kitabu kimoja kipya chenye jalada jekundu, siku tatu mfululizo, mstari kwa mstari, ulimi nje. Watu wa Fabiani wakanyooka vizuri. Watu wa Mzee Mhina waliozaliwa tarehe kumi na tatu kwenda juu wakasalimika, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Sisi wengine wote, wa tarehe moja mpaka kumi na mbili, tukageuzwa kama chapati. Vitabu vya zamani vikachomwa, kwa sababu semina ilisema kijiji kimoja kitabu kimoja, na Mzee Mhina mwenyewe ni marehemu, hawezi kuja kutusemea.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mwaka 1968, siku mbili baada ya Idi ya kuchinja, nilijifungua mapacha. Mdoe alikuja Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, jua ndiyo kwanza limezama. Mwaija akabaki ndani, sijui alikuwa anatafuta nini, akaja alfajiri ya Jumatano, tarehe kumi na tatu. Kwa hesabu ya kwetu nyumbani, siku inaanza jua likizama, kwa hiyo wote wawili ni watoto wa Jumatano. Lakini Mzee Mhina alisema serikali siku yake inaanza saa sita ya usiku. Sijui nani anakuwa macho kuipokea. Akawaandika kila mmoja na tarehe yake, 12/3/1968 na 13/3/1968. Nikamwambia sawa, mzee wangu, tofauti ya siku moja haina neno.

Sasa neno lipo. Habakuki alipofika kwa Mwaija akakuta kumi na tatu, akamwacha. Alipofika kwa Mdoe akakuta kumi na mbili, akamgeuza. Mdoe wangu sasa amezaliwa tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili. Na mwaka huu shule imesema, kwa ajili ya uchache wa madawati, wataingia darasa la kwanza wale tu watakaotimiza miaka saba kabla ya mwezi wa saba. Mwaija ameingia. Mdoe ameambiwa asubiri mwaka kesho.

Hilo ndilo linaloniuma, Ndugu Katibu. Mengine nitakayosema yote yanaegemea hapo. Watoto hawa wamelala tumbo moja, wamelala mkeka mmoja, wameugua surua siku moja, na tangu wameanza kutembea sijamwona mmoja bila kuwaona wawili. Hii ni wiki ya nne. Kila asubuhi Mdoe anamsindikiza mwenzake mpaka kwenye mfereji, anambebea ufagio na kidumu cha maji, kisha anarudi peke yake akipiga mawe kwa mguu. Juzi nikiwa natwanga akaniuliza, “Mama, mimi nilizaliwa lini?” Nikamwambia, “Wewe na Mwaija, pamoja.” Akanitazama kama mtu anayetazama mama muongo. Nikauweka mchi chini.

2. Utaratibu wa heshima nyumbani kwangu umepinduliwa. Mdoe ndiye mkubwa, ametangulia. Sasa Mwaija amerudi shuleni akasema, “Mdoe, niamkie. Mimi nakuzidi miezi tisa, imeandikwa.” Na huyu mtoto wangu mpole, bila kunung’unika, akasema shikamoo. Mwaija akaitikia marahaba kwa sauti ya bibi yake! Nilimkaripia, lakini naye ana hoja: anafuata kitabu cha serikali. Nikimkaripia sana nitaonekana napinga viongozi.

3. Hili ni la aibu kidogo, lakini wewe ni mtu mzima na naamini una mke. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa punje za mahindi ili nisijidanganye. Mtoto aliyezaliwa tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili, ukirudi nyuma miezi tisa, unafika tarehe tatu mwezi wa tatu. Tarehe tatu mwezi wa tatu Mwaija alikuwa bado yumo tumboni, amebakiza siku kumi. Maana yake Mdoe aliingia wakati Mwaija hajatoka. Wakapishana mlangoni kama abiria wa basi la Segera, mmoja anashuka na mzigo, mwingine anapanda na mzigo!

Wanaume shambani hawamwachi mume wangu apumue. Jirani yetu Ernesti alikuwa akimwita Bwana Misimu Miwili. Wiki iliyopita alimwuliza mbele ya kikosi kizima cha palizi, “Kibwana, hebu tupe siri ya mbegu hiyo, bwana shamba anaitafuta.” Kibwana alikuwa amejaa hasira siku mbili za kwanza. Sasa nimeona ameanza kutembea kifua mbele, na hilo linanipa wasiwasi zaidi kuliko hasira.

4. Hili si langu peke yangu, ni la dini. Siku ya saba tulichinja mbuzi wa akika. Ilikuwa mchana kweupe, baada ya adhuhuri, na wali uliliwa na watu wa pande zote, hata dada yangu alitoka Kwamsisi kwa miguu. Kwa tarehe ya kweli, ule ulikuwa mwezi wa Idi, hakuna tatizo. Lakini mwezi wa kumi na mbili mwaka 1968, Ndugu Katibu, ulikuwa Ramadhani! Nimemwuliza mwalimu wa msikiti, naye amethibitisha. Kwa hiyo Habakuki, ambaye ni Mkristo na hakuwa na nia mbaya, kwa kalamu moja amekilisha kijiji kizima cha Waislamu wali na nyama ya mbuzi mchana wa Ramadhani, na mwalimu wa msikiti mwenyewe ndiye aliyepewa mguu. Mwalimu huyo aliposikia alishika kiuno. Akaniambia, “Binti Sekiondo, nikiulizwa siku ya kiyama nitasema nilikuja kwa mwaliko wako.”

5. Mzee Mhina mwenyewe, aliyetuandikia wote kwa uaminifu, alifariki tarehe tisa mwezi wa nne mwaka jana. Mwalimu Yuditha, ambaye anafundisha darasa la kwanza asubuhi na sisi watu wazima jioni, ndiye aliyeiandika ile tarehe kwa namna ya marehemu, 9/4/1974. Ikageuzwa. Sasa Mzee Mhina amefariki tarehe nne mwezi wa tisa. Yaani kwa kitabu alikuwa hai miezi mitano zaidi, na sisi tuliomzika tuna haraka.

Ingekuwa heri kama mambo yangeishia hapo, mtu kuongezewa maisha si jambo baya. Lakini Habakuki alilinganisha kitabu kipya na orodha ya kazi za shamba la pamoja, akaona kuna mwanakijiji aliye hai ambaye kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa hakuja kulima hata siku moja wala hakutoa udhuru. Akapeleka karatasi ya wito nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Bibi Mwatumu, hajui kusoma, akaomba asomewe. Alipomaliza kusomewa akamwambia Habakuki, “Baba, udhuru anao, ila ameondoka nao. Nenda kamwulize, utamkuta, hatoki.” Habakuki akaandika kwenye daftari: amealikwa, hajafika.

6. Mke wa Ernesti, Mashavu, aliolewa tarehe tano mwezi wa pili mwaka 1970, siku ya kukumbuka Azimio, wote tulicheza ngoma. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe ishirini mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, miezi tisa na siku zake, kazi safi. Mtoto kaachwa kwa sababu ya ile ishirini, ndoa ikageuzwa ikawa tarehe mbili mwezi wa tano. Mama mkwe wake amekuwa akikaa kizingitini akihesabu vidole, na kila akihesabu anafika sita na nusu. Tangu hapo Ernesti hamwiti tena mume wangu Bwana Misimu Miwili. Sikusema ninafurahi. Ninasema tu hamwiti.

7. Sasa nakuja kwenye jambo la nchi nzima. Ukurasa wa mbele wa kitabu cha Mzee Mhina uliandikwa mambo makubwa ya nchi. Sabasaba ilikuwapo, 7/7, hiyo Habakuki aliigeuza na ikabaki ilivyo, wala hakujua kama amefanya kazi. Lakini juu kabisa, kwa wino mwekundu, iliandikwa Uhuru, 9/12/1961. Habakuki akatazama namba ya mwanzo. Ni tisa. Haijazidi kumi na mbili. Usisimame mpaka kitabu kiishe. Akaigeuza!

Ndugu Katibu, kwa kitabu kilichopo ofisini kwetu hivi sasa, kijiji cha Kwamtindili kilipata Uhuru tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, karibu miezi mitatu kabla ya nchi nzima. Kwa hiyo kwa miezi mitatu sisi tulikuwa taifa peke yetu. Tulikuwa na bendera gani? Mwenyekiti wetu alikuwa anasalimiwa namna gani? Na ile kodi ya kichwa tuliyotozwa katikati hapo, tulitozwa na wageni? Sitaki jibu. Nataka uone jambo linakokwenda likiachwa litembee peke yake.

Usidhani sikujaribu kulimaliza hapahapa. Nilikwenda ofisini na kadi ya zahanati ya Mdoe, iliyoandikwa tarehe yake ya kuzaliwa siku aliyochanjwa. Nilidhani nikiiweka mezani yamekwisha. Habakuki akaisoma, akafurahi, akasema, “Vizuri umeileta, mama. Hii nayo haijarekebishwa.” Na kabla sijanyoosha mkono akairekebisha.

Nikakaa nje kwenye kigogo, nikafikiri kwa njia niliyofundishwa ya hesabu. Nikaona: kama kugeuza ndiko kulikoharibu, kugeuza tena kutatengeneza. Kumi na mbili na tatu zilipogeuzwa zikawa tatu na kumi na mbili, zikigeuzwa tena zitarudi. Nikarudi ndani mbio, nikamwambia Habakuki apitie kitabu upya, hatua zilezile tano. Naye aling’aa macho, kwa sababu anazipenda zile hatua. Bahati mbaya Ndugu Fabiani alikuwa pale dirishani akisubiri kibali cha kusafiri. Akapaza sauti: “Hapana jamani! Mimi nimezaliwa Oktoba tarehe nane, na ndiyo kwanza nimepata kuandikwa sawasawa tangu niliponyanyua kalamu. Mkipitisha tena nitarudi kuwa wa Agosti!” Na kweli. Majina ya kwetu na ya kwao yamechanganywa kitabu kimoja, na hakuna alama inayosema huyu ni wa Mhina, huyu ni wa Fabiani. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Habakuki akakifunga kitabu, na panya wakaendelea na yao juu ya dari.

Kwa hayo yote ninaomba mambo mawili, moja au jingine.

Ombi la kwanza ni jepesi. Mtume mtu mwenye kalamu ya risasi na kifutio, akae na akina mama wa kijiji hiki siku mbili. Asitazame namba. Atuulize tu: mama, ulipojifungua, ulikuwa unapanda au unavuna? Mvua ilikuwa ya vuli au ya masika? Ulimfunga mtoto kwa kanga mpya ya Idi au ya zamani? Mimi nilijifungua ardhi imekauka, watu wanachoma moto mashamba wakingoja masika, na majivu yalikuwa yanaingia mpaka ndani kwenye uji wangu. Mwezi wa kumi na mbili mahindi ya vuli yanakuwa magotini, hakuna majivu yoyote. Hakuna mama anayeweza kuchanganya mambo hayo. Habakuki akisikia hivi anasema kumbukumbu za akina mama hazina hatua. Zina hatua, mwambie. Ni tisa kwa kila mtoto.

Ombi la pili ni kama la kwanza limeshindikana. Ikiwa kitabu ndicho kweli na sisi ndio tuliokosea kuzaliwa, basi tukifuate chote, tusichague. Mimi mwaka 1968 nilijifungua mara mbili, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na mbili. Uzazi wa mwezi wa kumi na mbili sikupewa siku zangu arobaini, sikukandwa maji ya moto, sikuletewa uji wa pilipili manga hata bakuli moja. Siku hizo arobaini naziomba sasa, na kikosi changu cha palizi kijulishwe. Waliokula akika wapewe ruhusa ya kutokulima kwa siku moja ili wailipe funga yao, wote kwa pamoja, na mwalimu wa msikiti atangulie. Mzee Mhina asomewe hitima ya pili mwezi wa tisa, kwa chakula cha kijiji, kwa kuwa ile ya kwanza alisomewa akiwa hai. Mashavu na Ernesti waulizwe kwa adabu, au wachezewe ngoma tena. Na tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, Kwamtindili tusherehekee Uhuru wetu, tuchinje ng’ombe, nawe tunakualika kama mgeni kutoka nchi ya jirani.

Lakini kama kuna kimoja tu unachoweza kufanya katika yote haya, Ndugu Katibu, achana na ng’ombe, achana na uji wangu. Mrudishe Mdoe kwenye mwezi wake wa tatu, aingie shuleni na mwenzake. Wiki ya kwanza nilifikiri atazoea. Hajazoea. Mwaija akirudi anamchorea herufi chini kwenye mchanga kwa kijiti, anamwambia hii ni a, hii ni e, naye anazirudia, halafu kuku wanapita wanazifuta. Nimefukuza kuku wangu wote nyuma ya nyumba. Sasa wanataga mayai kwa mama mkwe wa Mashavu, na siwezi kwenda kuyadai kwa sababu yule mama ana hesabu zake za vidole.

Sina zaidi. Wasalimie watu wa ofisini kwako wote, na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, kwa mpangilio ule unaoujua wewe mwenyewe na siyo wa kitabuni. Kibwana anakusalimu kifua mbele. Bibi Mwatumu anakusalimu, na anauliza kama marehemu akija kwenye wito atakaa upande gani. Stefania, mama yake Habakuki, naye anakusalimu sana na anaomba usimwadhibu mwanawe, kwa sababu ni mtiifu tangu utotoni: ukimwambia akoroge sufuria atakoroga mpaka umwambie basi. Habakuki mwenyewe hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nimeandika. Nikimaliza nitampelekea aigonge mhuri.

Ni mimi ninayejenga taifa kwa jembe, na kuanzia leo kwa kalamu kidogo,

Zamda binti Sekiondo,
mama wa mapacha (wa mwezi wa tatu, wote wawili).

Baada ya salamu: Ndugu Katibu, naandika hapa chini kwa haraka, siku tatu baadaye. Barua ilikuwa imeshakunjwa. Leo asubuhi Mwalimu Yuditha alisikia kwamba nimeandika kulalamika. Akaniita na Mdoe, akasema mtoto ambaye tarehe yake ina ubishi hapimwi kwa kitabu, anapimwa kwa mkono, kama zamani: aupitishe juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mdoe akaupitisha, akalishika sikio lote, tena akalivuta. Mwalimu akasema huyu amefika. Ameandikishwa palepale, akaketishwa dawati moja na mwenzake.

Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Mchana walipotoka, Mwaija naye akataka kujipima. Vidole vyake vinaishia kwenye nywele. Nimemnyoosha, nimembembeleza, nimempaka mafuta kwenye bega, nimemlaza shingo kidogo kwa upande. Havifiki. Yeye ameingia kwa kitabu tu, na kwa kitabu tu atakaa.

Sasa ukikifungua kile kitabu kama nilivyoomba, tarehe zote za Kwamtindili zitakuwa na ubishi, na watoto wote watapangwa mstari kushikishwa masikio. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote, usikifungue. Habakuki hakukosea, ni karani hodari. Mdoe na awe wa mwezi wa kumi na mbili, Mzee Mhina avumilie, mimi nitafunga siku yangu na mwalimu wa msikiti nitamsemesha. Hata huo Uhuru wa mwezi wa tisa si mbaya, kuwahi si kosa.

Barua nimeona haya kuichana, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuandika maishani mwangu na Mwalimu Yuditha amenipa alama nzuri. Isome taratibu. Ukimaliza, mtu yeyote akikuuliza, tafadhali sema hukuipata.